Kuongea Kihispania cha Madrid bila kusikika kama kitabu

Swali: “Shikamoo Mwalimu. Nimesoma Kihispania miaka miwili hapa Moshi, na mwezi wa tisa nakwenda Madrid kwa masomo ya uzamili. Juzi nilimwandikia mama mwenye nyumba nitakayopanga chumba: ‘Estimada señora: Le agradecería mucho que tuviera la amabilidad de indicarme la hora en que podría recibir las llaves.’ Yaani: ‘Mheshimiwa mama, ningeshukuru sana kama ungekuwa na wema wa kunijulisha saa ambayo ningeweza kupokea funguo.’ Akanipigia simu huku anacheka, akasema naongea kama kitabu. Nimeanza kukariri maneno ya mtaani kutoka orodha niliyoikuta mtandaoni, yako mia mbili na kitu. Nianze na yapi ili nisikike kama mwenyeji?”

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kupata nafasi.

Hiyo orodha ifungie kabatini kwanza. Mama mwenye nyumba hakucheka kwa sababu ulikosa maneno ya mtaani.

Bila shaka umewahi kukutana na mtalii aliyekaa wiki moja Nungwi, akakutolea “poa kichizi kama ndizi kwenye friji”. Ulicheka naye, labda ukampigia makofi, ila haikukupitia kichwani kwamba anajua Kiswahili. Sasa mkumbuke yule padri wa kizungu aliyezeekea parokiani huko kwenu: “Yaani bwana, nimefika pale, kumbe mwenyewe katoka zamani. Haya, nikageuza.” Humo hamna neno hata moja la vijiweni. Lakini fumba macho, utasema ni jirani yako. Kilichomfanya mwenyeji ni yaani, bwana, kumbe na haya, vijineno ambavyo kitabu cha sarufi huvipa ukurasa mmoja kama kinavikumbuka.

Kihispania cha Madrid kimejaa vijineno hivyo, na bahati yako ni kwamba karibu kila kimoja kina pacha wake kwetu. “O sea” ni yaani, na vijana wa kule wanaichosha kama sisi tunavyoichosha yetu. “A ver” ni hebu. “Bueno” ikitangulia sentensi haisifii kitu chochote. Ni haya, ya mtu anayekusanya mawazo au anayetaka kuaga. “¡Anda!” kamusi itakwambia ni amri ya kutembea, lakini ikitamkwa kwa mshangao ni kumbe! “¡Qué va!” ni ile wapi! ya kukanusha: wakikuuliza kama umechoka na hujachoka, “¡Qué va!”, wapi bwana. “Es que” ni mlango wa kila udhuru. Umechelewa darasani, unaanza “Es que el metro…”, na sentensi si lazima uimalize. Kila mtu keshaelewa.

“Hombre” nimeiweka kando makusudi. Darasani ulifundishwa ni mwanamume. Mtaani ni ile bwana ya “acha bwana” na “njoo bwana”, na kama bwana yetu, haiangalii anayeambiwa ni mke au mume. Utamsikia mama akimwambia binti yake “¡Hombre, claro!”, ndiyo bwana, na hakuna anayeshangaa. Siku utakayoitoa bila kuifikiria, kitabu kitakuwa kimeanza kukutoka.

Halafu kuna “vale” na “venga”. “Vale” ni sawa, ni poa, ni nimeelewa, ni haya yaishe. Huja mara nyingi kwa jozi, “vale, vale”, na kwa mtu wa Mexico au Bogotá inatosha kumjulisha ulikojifunzia lugha. “Venga” ni ya kuhimiza, twende, na pia ni ya kukata simu. Mazungumzo ya simu Madrid hayaishi kwa kwaheri moja, yanamalizika kwa mporomoko: “Venga, vale, venga, hasta luego, chao, chao.” Sisi tuna haya, haya, haya basi, sawa, haya. Ni ugonjwa uleule.

Nikusimulie langu. Mwaka wa kwanza nilikaa Lavapiés, mtaa wa miteremko katikati ya jiji ambako utasikia Kibengali na Kiwolofu kabla hujasikia Kihispania. Chini ya nyumba palikuwa na baa. Siku ya kwanza niliandaa sentensi yangu kwenye ngazi, nikaenda nayo hadi kaunta: “¿Podría usted traerme, por favor, un café con leche, si no es molestia?” Je, ungeweza kuniletea, tafadhali, kahawa ya maziwa, kama si usumbufu? Mhudumu akanitazama kama aliyeletewa hati ya mahakama. Wakati bado anatafakari, akaingia bibi wa miaka sabini hivi akivuta kikapu chake cha magurudumu, na kabla hajasimama vizuri akatamka: “Buenas. Ponme un cortado, hijo.” Niwekee kahawa ya maziwa kidogo, mwanangu. Yeye alikunywa kwanza.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba bibi yule hakuwa na utovu wa adabu. Adabu yake aliimaliza mlangoni aliposema “buenas”, na angeimalizia wakati wa kutoka kwa “hasta luego”. Hivyo viwili ni lazima, hata kwa watu ambao hutawaona tena maisha yako yote, hata kwenye lifti. Katikati hapo lugha ni fupi na kavu: “Ponme”, au kwa upole zaidi kidogo “¿Me pones un café?”. Ukitaka kulipa ni “¿Me cobras?”, ukitaka kutokuwa msumbufu unaongeza “cuando puedas”, ukipata nafasi. Sisi tuliolelewa na naomba tunasikia kama tunamkaripia mtu. Utazoea. Na wakikualika “vamos de cañas”, caña ni glasi ndogo ya bia ya bomba, ila mwaliko ni wa kutoka na kupiga soga. Kama hunywi pombe, agiza “un mosto”, juisi ya zabibu isiyo na kilevi, na hakuna atakayeuliza kitu.

Jambo la “usted”, ile wewe ya heshima, litakusumbua kwa sababu ya hiyo hiyo shikamoo uliyoniandikia. Hispania ya leo, tofauti na Colombia kwa mfano, “tú”, wewe ya kawaida, imetawala: wahadhiri wengi, muuza duka, mama mwenye nyumba. Huyo wako alipokupigia, nina hakika alikuita tú tangu mwanzo. Mjibu kwa tú. “Usted” iweke akiba kwa mzee hasa, kwa polisi, kwa ofisi ya uhamiaji. Mzee akiona umezidisha atakwambia “tutéame”, niite tú, na hapo umeruhusiwa.

Sauti nayo, kabla hatujafika kwenye hayo maneno yako mia mbili. Walimu wengi wa Kihispania hawajui utajiri ulio nao mdomoni. Irabu tano za Kihispania ni a, e, i, o, u zetu, basi. Ile c ya “gracias” na z ya “plaza” kwa mtu wa Madrid ni th ya thelathini. Mfaransa anahangaika nayo, wewe umezaliwa nayo. Herufi d ikiwa katikati ya irabu hulainika ikawa dh, kwa hiyo “nada” inakaribia “nadha”. Herufi g ya “agua” ni gh ya ghali. Na j ya “hijo” ni kh ya kheri, ukiitamka kama inavyotamkwa na mzee wa Pwani. Anayetamka dhambi na ghali sawasawa ameshafika nusu ya safari. Kinachobaki ni kuacha vitu vidondoke: “cansado” inakuwa “cansao”, “para” inakuwa “pa”, na “es que” mdomoni mwa Mmadrid wa asili husikika “ejque”. Cansao itumie. Ejque iache, mgeni akiisema inakuwa maigizo.

Sasa njoo kwenye mitaa.

Neno litakalokukuta mapema ni “mola”. “Mola tu camisa”, shati lako kali. “¡Cómo mola!” Kwa sikio la Mswahili ni jina la Mwenyezi Mungu, na nakiri wiki za mwanzo kila kijana aliposema hivyo moyoni nilikuwa naitikia. Lina historia yake. “Mola”, “chaval” yaani kijana, “currar” yaani kupiga kazi, “chungo” yaani kibovu au kigumu, yote yametoka katika caló, lugha ya Wagitano, wale ambao Waingereza huwaita Gypsies, waliofika Hispania karne ya 15. Mwaka 1783 mfalme Carlos III alitoa amri iliyowakataza, pamoja na mengine, kuitumia lugha yao. Leo mtoto wa mwanasheria pale Salamanca, mtaa wa wenye pesa Madrid, hawezi kumaliza siku bila maneno yao, na wengi wao hawajui yalikotoka.

Wimbi jingine lilikuja baada ya dikteta Franco kufa mwaka 1975. Vijana wa Madrid waliokuwa wamebanwa walifungulia baa, redio na midomo, na misimu yao, yaani maneno yao ya mtaani, ikapewa jina, cheli. Hapa ndipo orodha zinapoua watu. Mimi nilijifunza “chachi” na “dabuten” kutoka karatasi niliyopewa na mtu aliyeishi kule zamani. Nikazitumia kwa mwanafunzi mwenzangu wa miaka ishirini na mbili, nikijiona nimewasili. Akaniangalia kwa huruma: “Hablas como mi padre.” Unaongea kama baba yangu. Ni kama mtu amwendee kijana wa Sinza leo na “mambo bomba”. Neno si kosa, ila limevaa suruali ya miaka ile. Orodha ya mtandaoni haikwambii neno lina umri gani, wala nani humwambia nani.

Kama unataka pa kuanzia bila kuaibika, anza na vifupisho, kwa sababu hakuna anayekuona unajitia: “finde” wikiendi, “peli” filamu, “uni” chuo kikuu, “boli” kalamu, “profe” mwalimu, “bici” baiskeli, “porfa” tafadhali, na “bocata” ya mkate wa kujaziwa. Ongeza “majo” au “maja”, mtu mkarimu asiye na makuu. Ni sifa nzuri na kila rika huitumia. “Guay”, kizuri, imezeeka bila kufa. “Curro” kazi, “pasta” pesa, “cutre” kitu cha ovyo kisicho na hadhi. “Estoy liada”, nimebanwa na shughuli. “Estoy hecha polvo” kwa neno ni nimekuwa vumbi, yaani niko hoi. Ukisikia “veinte pavos”, bata mzinga ishirini, ni euro ishirini. Zamani pavo ilikuwa sarafu ya peseta tano, euro ilipochukua nafasi mwaka 2002 bata akahamia huko. Na vijana wa Madrid wakitaka kusema watu kibao husema “mazo de gente”. Mazo ni nyundo ya mbao. Wao nyundo, sisi kibao. Wote tumehesabia seremala.

“Tío” na “tía” ni kitu kingine. Kwa tafsiri ni mjomba na shangazi, na matumizi yake unayajua, maana vijana wetu nao wanaitana mjomba na anko bila undugu wowote. Wasichana wa chuo kila sentensi wanafungua na tía na kufunga na tía. Nakushauri usubiri. Likitoka kwako kabla hamjazoeana, linasikika kama mtu anayemkumbatia asiyemjua. Mwenzako akishakuita tía mara kadhaa bila kufikiri, mrudishie. Kipimo hicho kinafaa kwa neno lolote la mtaani: usilitumie kwa mtu mpaka yeye au wa rika lake awe amelitumia kwako.

Matusi sasa, maana utayasikia siku ya kwanza. Wahispania hutukana wakiwa na furaha, wakiwa na hasira, na wakiwa wanakata vitunguu. Kama ni Mkatoliki utashtuka zaidi, kwa sababu neno wanalolitoa wakiangusha glasi ni “¡Hostia!”, ile ile ya altareni, imehama kanisani ikahamia baa. “Joder” nayo ni tusi la tendo la ndoa, lakini linatamkwa kama sisi tunavyosema dah. Yaelewe yote, usiyaseme. Tusi mdomoni mwa mgeni huwa zito kuliko mdomoni mwa mwenyeji, kwa sababu hujui bado liko wapi kwenye mizani. Wenyewe wametengeneza njia ya pembeni: badala ya hostia husema “¡Ostras!”, chaza, na badala ya joder husema “jo” au “jolín”. Hayo yatumie utakavyo, hata mbele ya mama mwenye nyumba.

Kuna maneno ambayo nakutajia kwa sababu sikutajiwa mimi. “Negrata” ni tusi la rangi, hata akilisema anayecheka. “Sudaca” na “panchito” ni matusi kwa watu wa Amerika ya Kusini, “moro” kwa Mmoroko mara nyingi ni dharau. “Morena”, mweusi, ni ngumu zaidi, kwani huitwa hivyo hata Mhispania mwenye nywele nyeusi. Sikiliza sauti, uso, na nani anasema. Utasikia pia watu wema kabisa wakisema wanakwenda “al chino”, kwa neno ni kwa Mchina, wakimaanisha duka la jirani. Mimi nilikataa kulisema hilo tangu mwanzo, nikasema “la tienda de abajo”, duka la hapo chini, na hakuna aliyeniona mshamba. Kusikika kama mwenyeji hakukulazimishi kubeba kila kitu cha mwenyeji.

Chagua mji mmoja na ubaki nao. Orodha yako naamini imechanganya kila bara. “Coger” Madrid ni kuchukua, “coger el autobús” kupanda basi. Iseme Buenos Aires au Mexico na umesema tusi. “Guagua” Visiwani Canarias na Cuba ni basi, Chile ni mtoto mchanga. Pale Buenos Aires wana lunfardo, misimu iliyochanganyika na Kiitaliano cha wahamiaji waliomiminika mwishoni mwa karne ya 19. Kazi kwao si curro, ni “laburo”, kutoka “lavoro”. Hata wanageuza silabi, “café” ikawa “feca”, “tango” ikawa “gotán”, kama watoto wetu wanavyocheza kinyume. Inapendeza mno, na siku ukienda huko tutaongea. Lakini mtu anayesema curro, laburo na chamba, ile kazi ya Mexico, katika sentensi moja hana mji.

Mazoezi yenyewe ni ya daftari. Miezi miwili ya kwanza kaa kimya zaidi ya ulivyozoea. Ukisikia neno, usiandike neno peke yake. Andika sentensi nzima, nani aliisema, ana umri gani, alimwambia nani, na uso wake ulikuwaje. “Me flipa”, limenivutia kupita maelezo: mwanafunzi, 24, kwa mwenzake, juu ya viatu. Ukishalipata kwa watu watatu tofauti, lijaribu. Na usione haya kuuliza. Maswali mawili yatakusaidia kuliko kamusi: “¿Esto se dice todavía?”, bado linasemwa? na “¿Se lo dirías a tu jefe?”, ungemwambia bosi wako? Watu wa Madrid wanapenda kuulizwa juu ya maneno yao, na mara nyingi watabishana wenyewe kwa wenyewe mpaka kahawa ipoe, nawe daftari linajaa.

Salamu zetu nazo zitakuponza kidogo. “¿Qué tal?” ya korido haisubiri habari za nyumbani, watoto na mvua. Jibu fupi, “Bien, ¿y tú?”, huku miguu inaendelea. Kwa mtu mliyezoeana kuna jibu nalolipenda: “Tirando.” Ni navuta, navuta hivyo hivyo. Sisi tunasukuma gurudumu, wao wanavuta.

Turudi kwa mama mwenye nyumba, kwa kuwa bado unazihitaji funguo. Mwandikie hivi, ubadilishe siku tu:

“Hola, ¿qué tal? Oye, una cosa: ¿a qué hora me paso a por las llaves? Es que llego el sábado por la mañana y voy cargada. Si te viene mal, no pasa nada, te espero en el bar de abajo. ¡Gracias!”

Yaani: Habari? Sikia, kitu kimoja: nipite saa ngapi kuchukua funguo? Maana nafika Jumamosi asubuhi na nina mizigo. Kama haikufai, hamna shida, nitakusubiri kwenye baa ya chini. Asante!

Itazame vizuri. Hamna mola, hamna tía, hamna hata moja kati ya yale mia mbili. Kuna oye, ambayo ni sikia. Kuna es que, kuna no pasa nada, hamna shida. Na kuna “a por”, vihusishi viwili vilivyobanana ambavyo Hispania huvitumia kutwa na Amerika huvishangaa. Atakujibu “Vale, guapa”. Guapa ni mrembo kwa kamusi, hapo ni mwanangu tu. Nawe mjibu “Genial, venga, hasta el sábado”, safi, haya, mpaka Jumamosi, uanze kufunga mizigo.